Mabati ya Nyumba ya Ngoma

Mama yangu aliogopa magari. Simaanishi kugongwa, kwa sababu miaka ile ya sabini barabara ya kutoka Kibondo kwenda Kasulu ingeweza kukaa siku nzima bila kupitisha hata pikipiki. Aliogopa watakaoshuka. Gari likisikika kwenye mteremko aliacha alichokishika, akatafuta kwa macho baba yuko wapi, ndipo akavuta pumzi. Mimi nilikuwa nikimcheka. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimeolewa na nimeshaachika, nimerudi kwetu na mtoto mgongoni na kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima, basi nilijiona naijua dunia. Leo umri wangu umepita ule aliokuwa nao yeye wakati ule, na sioni cha kucheka.

Alikuwa na sababu zake. Alizaliwa ng'ambo, Burundi, akaolewa huku kwetu Buha akiwa binti mdogo. Mwaka ule watu walipovuka mpaka wakikimbia kuuawa, baadhi ya ndugu zake walifika nyumbani kwetu miguu imevimba, lakini kaka yake hakufika. Waliofika walimweleza kwamba waliomchukua walikuja na gari, wakamwita kwa adabu, wakasema wanataka kumjua tu, wana maneno machache naye. Haukupita muda mrefu na sisi tukahamishwa. Lori likaja na mgambo, tukateremshwa kutoka mlimani tukapangwa kando ya barabara, kijiji cha ujamaa, nyumba kwa mstari. Waliojivuta walichomewa nyumba. Kwa hiyo kwa mama gari, Serikali na kuchukuliwa vilikuwa kitu kimoja, na mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia atulie eti kwa sababu wewe unajua kusoma.

Mlimani kulibaki kitu kimoja tu, nyumba ya ngoma. Mwami wetu wa zamani, yaani mtawala wetu kabla ya uhuru, alikuwa na ngoma yake kubwa, na ukoo wa baba ndio uliokabidhiwa kuitunza. Serikali ilipofuta watawala wa jadi hakuna aliyekuja kuichukua ngoma ile, na hakuna aliyemwambia baba aache kazi. Basi hakuacha. Ilikaa gizani juu ya kigoda chake, haipigwi, na baba alipanda mlima kuipaka samli, ngozi na mti wake. Ilikuwa na adabu zake pia. Kwetu hukusema ngoma imepasuka, ulisema anaumwa. Hukusema inapakwa samli, ulisema anakula. Hata wale mgambo, vijana wa Kiha waliochoma nyumba zetu bila kupepesa macho, walipofika pale walipita pembeni na viberiti vyao mfukoni.

Taabu ilikuwa paa. Zamani kila ukoo ulileta nyasi za kuezekea kwa zamu. Baada ya kuhamishwa, nani angethubutu kuonekana na mzigo wa nyasi kichwani akiupeleka kwa mwami ambaye hayupo tena? Baba aliezeka peke yake, na mvua za kwetu si za mchezo. Nilimfuata siku moja, nikamwona kutoka mlangoni, maana wanawake hatukuingia mle, anafuta ukungu kwenye ngozi kwa shati lake. Akaniambia, "Anakufa mikononi mwangu." Sikuwahi kumwona baba yangu akiogopa kitu kabla ya siku ile.

Ndipo akaja bwana utamaduni.

Tulimwita hivyo kwa sababu tulikwisha kuwa na bwana shamba na bwana afya. Alikuwa mtu wa pwani, kijana bado, suti yake ya mikono mifupi imenyooshwa vizuri, na ana heshima za kwao za kuuliza hali mpaka ya mbuzi. Mwenyekiti wa kijiji akagonga reli iliyoning'inizwa pale ofisini, tukakusanyika. Bwana utamaduni akaeleza kwa Kiswahili, nami nilimwelewa neno kwa neno. Alisema Serikali imetenga fedha za kuhifadhi mambo ya kale huku mikoani, si mijini tu. Alisema nyumba ya ngoma ya mlimani imo. Itapata mabati, itapata saruji, itapata mlango wenye kufuli, na mtunzaji wake atatambuliwa. Nilimtazama baba. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Alikuwa ameshasikia mabati, mengine hakuyasikia.

Wazee wengi pale Kiswahili kilikuwa kinawapita juu juu. Bwana utamaduni akaliona hilo, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema akataka kuwafurahisha. Tangu afike alikuwa anaokota maneno ya Kiha kwa dereva wake. Akajikohoza, akatabasamu, akasema kwa Kiha chake cha kuungaunga kwamba Serikali inairudisha ingoma, na kwamba mwenye kuiweka wanataka kumjua.

Naomba mtu asiyetoka kwetu anisikilize hapa. Kwa Kiswahili ngoma ni ile ya kupigwa, au ni ule mchezo wenyewe, basi. Kwa Kiha ingoma ni hiyo ya kupigwa, na ni utawala wa mwami vilevile. Mtu akitaka kusema wakati wa mwami fulani, husema kwenye ingoma yake. Kwa hiyo watu walichosikia ni kwamba Serikali iliyofuta ufalme inasema inaurudisha, na inamtafuta mtu aliyeuficha. Hata mtoto alijua maneno ya namna hiyo husemwa kwa sababu gani. Yanasemwa ili mtu ajitokeze.

Hakuna aliyemtazama baba, na hilo ndilo lililonitisha, maana watu wote mnajua mtu ni nani halafu kila mmoja anatazama vidole vyake vya miguu. Mama alikuwa amekaa upande wa wanawake, karibu na mimi. Nilisikia mkono wake unanikamata mguu, baridi. Nikamnong'oneza kwamba yule bwana amekosea neno, anasema ile ya kupigwa. Na hapo baba, maskini wa Mungu, akasimama na kofia yake mkononi akasema, "Ni mimi."

Bwana utamaduni akampa mkono kwa furaha. Akasema atarudi na lori mvua zikipungua.

Kuanzia jioni ile tukawa kama nyumba yenye ndui. Majirani waliokuwa wakija kuomba moto walienda kuomba mbali. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu aliyezoea kunywa pombe ya mtama na baba, alipita njia ya nyuma ya mihogo asije akalazimika kusalimia. Darasani kwangu mzee mmoja aliniuliza, akiwa ameshika chaki, kama ni kweli baba yangu ameandikiwa kwenda Dar es Salaam. Nikamjibu kwa ukali kwamba baba anaandikiwa mabati. Akasema, "Haya, mwalimu," kwa ile sauti ya kumpa pole mfiwa.

Mama naye akanianza. Siku zote alikuwa mtu wa maneno machache, lakini sasa aliuliza na kuuliza. "Alisema wanataka kumjua. Wamjue wa nini?"

"Wamlipe, mama. Awe mlinzi."

"Kaka yangu naye waliniambia waliomchukua walitaka kumjua tu."

"Kule ni kule. Huku ni Tanzania."

"Lori la kutuhamisha lilitoka wapi?"

Hapo nikampandishia sauti, jambo ambalo mtoto wa kike hamfanyii mama yake. Baba alikuwa amekaa mlangoni anachonga miti ya kupigilia mabati. Alicheka. Alisema, "Muache. Akiyaona mabati atatulia." Alikuwa na furaha ambayo ilinikera, kwa sababu aliibeba peke yake. Na kusema kweli hata mimi nilikuwa nimeanza kuyumba. Nilikielewa Kiswahili cha yule mtu vizuri kabisa, lakini mkiishi na mtu anayetetemeka mnaambukizana. Nilianza kuyakumbuka maneno yake na kuyageuza. Mtunzaji atatambuliwa. Kwa nini atambuliwe? Mlango wenye kufuli. Kufuli ya kumfungia nani?

Basi nikapiga moyo konde, nikambeba mtoto nikaenda Kibondo mjini. Nilijua bwana utamaduni akija Kibondo hufikia kwa mwenye duka mmoja, Mwislamu, watu wao walitoka pwani tangu zamani. Nikamwamkia yule mzee, nikajifanya nanunua chumvi, halafu nikashindwa kujifanya, nikamweleza yote. Alisikiliza akipima chumvi yangu. Kisha akacheka mpaka akaegemea magunia.

"Binti yangu, yule kijana anachojua ni ngoma za harusi na jando. Huo ufalme wenu hata hajui kama ulikuwepo. Mabati nimeyaona kwa macho yangu, yako stoo pale boma, mapya. Nenda kamwambie mama yako alale usingizi."

Nikamwomba aape. Akaapa, mzee wa watu, bila hata kukasirika. Nilirudi nikiwa mwepesi, nikimwimbia mtoto njiani, na nikiyapanga maneno ya kumwambia mama ili safari hii yaingie. Nilishaamua nitampeleka mwenyewe Kibondo akayaone yale mabati, ayaguse.

Nilipokaribia nyumbani nikaona moshi mzito jikoni kwetu. Harufu ilinipokea kabla ya mbwa. Ilikuwa harufu ya ngozi inayoungua, na juu yake harufu ya samli, nyingi, ya kama sherehe.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda cha jikoni, shoka liko ukutani, sufuria la maharage jikoni linatokota kwa fujo. Chini ya sufuria vilikuwa vipande vya mti mweusi, vinene, vimepinda kidogo. Vilikuwa vinawaka vizuri mno. Mti ule ulikuwa umepakwa samli tangu enzi za babu wa babu yangu, na moto uliupenda. Niliingiza mkono nikachomoa kipande kimoja, nikaungua vidole, nikakitupa nje, kikaendelea kuwaka kwenye majani. Nikarudi kuchomoa kingine. Mama akanishika mkono.

"Muache aende," akasema. "Wakija hawatakuta kitu. Watamwacha baba yako."

Nilimwambia ya mwenye duka. Nilimwambia yote, hata kucheka kwake. Alinisikiliza huku anachochea moto, na nilipomaliza hakusema kwamba haniamini wala kwamba ananiamini. Aliuliza tu kama yule mzee ni mtu wa Serikali. Nikasema hapana. Akasema, "Sasa atajuaje?"

Nililia pale jikoni kwa sauti. Sikujua nalia nini hasa, ngoma, au baba, au mama aliyepanda mlima peke yake na shoka akaingia nyumba ambayo wanawake hawakuwahi kuingia. Mpaka leo nikifikiria alivyousukuma ule mlango nasisimka. Mwanamke aliyeogopa muungurumo wa gari aliingia mle.

Baba alitoka kukata miti, akaisikia harufu kutoka mbali kama mimi. Alifika mlangoni mwa jiko akasimama. Nilidhani atampiga. Mama pia alidhani hivyo, maana alivua kilemba chake akakiweka pembeni, akangoja. Baba alitazama moto mpaka kile kipande cha mwisho kikaanguka majivuni. Halafu akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Tangu siku ile hakumsemesha mama. Chakula alikila nikimpelekea mimi, na akitaka kitu aliniambia mimi nimwambie, na mama amesimama palepale.

Lori lilikuja. Mabati yalikuwa mapya kweli, yanang'aa mpaka yanaumiza macho, na saruji, na mlango wa mbao uliopakwa rangi. Bwana utamaduni aliruka chini akitabasamu, akasalimia mpaka hali ya mbuzi, akamwomba baba ampeleke akaione ngoma. Kijiji kizima kilikuwa kimesogea, safari hii wanatutazama.

Baba akasema, "Haipo. Nimeichoma."

Mama Kiswahili kilimpita kingi, lakini hilo alilisikia. Akataka kusema kitu. Nilimshika kiwiko.

Bwana utamaduni alidhani ni mzaha wa kizee, akangoja mwisho wake. Ulipokosekana mwisho, uso ukamshuka. Akauliza kwa nini. Nilijibu mimi. Nilimweleza neno lake la Kiha lilisema nini. Alilirudia kwa sauti ya chini, ingoma, ingoma, akajishika kichwa. Kijasho kilimtoka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini niliona kijana wa watu anaogopa kama sisi.

"Mzee wangu," akasema, "ile ilikuwa imeshakuwa mali ya Serikali. Fedha zimeshatoka kwa ajili yake. Wakubwa wanakuja wenyewe kufungua nyumba. Mimi nitawaonyesha nini?"

Hakuwa anatutisha. Alikuwa anajiuliza yeye. Lakini baba alisikia mali ya Serikali, na yeye ndiye mtu aliyekiri mbele ya kijiji kwamba ameichoma. Moto wa mama uliokusudiwa kumwokoa sasa ndio uliomtia hatiani, na mama aliponiuliza pembeni yule kijana amesema nini, nilimdanganya. Nilisema anasema pole.

Bwana utamaduni akamvuta baba chini ya kivuli cha lori. Nilikwenda nao, kwa kuwa baba alinikonyeza niende. Akauliza kama baba anazikumbuka sura na vipimo. Baba akasema anavijua kwa mikono. Akauliza kama mti wa namna ile bado unapatikana. Upo. Akatazama huku na huku, akasema taratibu, "Basi chonga nyingine. Nani kule mjini aliyewahi kuiona?"

Baba yangu hakuwahi kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa. Alisimama pale akitazama yale mabati aliyokuwa ameyaota, na nilisali akatae, halafu nikasali akubali. Akakubali. Aliuliza tu kama ataruhusiwa asiwepo siku ya kufungua. Akaambiwa hapana, mtunzaji ndiye wanayekuja kumwona.

Alichonga nyuma ya nyumba, tumepazungushia mikeka. Mafundi mlimani walipiga mabati, tunasikia nyundo kutoka chini, na chini baba anapiga patasi. Hakukunjua uso. Ng'ombe wa kuchunwa ngozi alitolewa na kijiji. Mwenyekiti alimleta mwenyewe bila kuuliza wa nini, maana sasa kijiji kizima kilikuwa ndani ya jambo hili, na wale waliotukimbia walirudi kuomba moto ili waone limefikia wapi. Wote walikuwa na hofu moja. Wakubwa wakigundua, hawatauliza ni nyumba gani ya kijiji hiki iliyodanganya.

Ngoma ilitoka nzuri. Mikono ya baba ilikumbuka kila kitu. Lakini ilikuwa nyeupe. Mti ulikuwa mbichi, ngozi safi ina manyoya ya juzi, na mtoto wangu angeweza kukwambia kwamba imechongwa wiki hii. Baba aliipaka samli, ikang'aa tu. Akaipaka matope, yakadondoka. Habari ikafika kwamba wakubwa wameshafika Kasulu, kesho watakuwa kwetu. Baba akakaa chini kando yake, akafunika uso kwa mikono miwili.

Mama alikuwa anatazama kutoka jikoni. Alikuja, hakumwangalia baba, akainama akaikumbatia ngoma ile akaiinua. Ilikuwa nzito, akayumba nayo. Baba akanyanyuka akashika upande wa pili. Waliibeba mpaka jikoni, mimi nikawafungulia njia. Mama akatia moto majani mabichi na maganda ya ndizi mpaka moshi ukajaa tusionane, ndimi za moto zikichungulia chini yake. Wakaiweka juu ya mafiga, yeye huku, baba kule, wakaanza kuigeuza. Niliona weusi unaanza kuingia kwenye mti, kidogo kidogo, upande mmoja kisha mwingine. Machozi yalikuwa yanatutoka sote kwa moshi.

"Angalia isiungue," baba akamwambia.

"Naangalia," mama akasema.